Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka Tuliokwenda Kasri

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu wanachama wenzangu wa chama chetu cha taarab, hamjambo.

Katiba yetu inanitaka nisimame mbele yenu leo nieleze kamati imefanya nini tangu tulipokutana mara ya mwisho. Hesabu atazisoma mhazini, na nakala mnazo mikononi. Mimi nitasema tu kwamba ada zimeingia vizuri kuliko mwaka wa nyuma na chama hakidaiwi na mtu. Mazoezi ya Jumatano na Jumamosi hayakukatika, isipokuwa mwezi mtukufu na ile wiki ya mvua kubwa. Tumempoteza mpigaji wetu wa dumbaki, ile ngoma ya taarab, mzee aliyekuwa nasi tangu chama kinakaa chini ya mwembe, hakina kiti wala ngoma yake. Dumbaki alilolipiga tumelitundika pale ukutani kwa ruhusa ya familia yake. Naomba tusimame tumwombee.

Ahsanteni. Tukae.

Sehemu kubwa ya taarifa yangu ni safari ya Unguja. Wapo walioniuliza, tena wengine kwa hasira, kwa nini fedha za chama ziende kwenye nauli ya boti ilhali plasta ya ukumbi wetu inadondoka kila msimu. Swali ni la haki, na jibu lake tulilikuta hukohuko Unguja.

Tulitoka Bagamoyo alfajiri kwa basi hadi Dar es Salaam, tukavuka kwa boti. Kutoka bandari ya Malindi mpaka Mizingani ni mwendo wa miguu, bahari iko kuliani, na mbele yenu lile jumba jeupe lenye ukingo wa vinara juu ya paa: Beit el-Sahel, Kasri. Wengi wetu tulikuwa tumelipita mara nyingi tukienda zetu Forodhani. Kuingia ndani ilikuwa mara ya kwanza kwa karibu wote.

Mahali pale palikuwa makao ya masultani tangu enzi za Sayyid Said. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga mizinga kumtoa Khalid bin Barghash aliyejitangaza sultani. Vita vile havikufika saa moja, lakini watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa ndani na kandokando ya majumba yale. Beit al-Hukm, jumba lililokuwa jirani, halikujengwa tena. Leo hapo ni bustani, na ukitembea ndani yake unakuwa unatembea ndani ya nyumba isiyokuwapo. Kasri lenyewe lilitengenezwa upya, likawa makazi ya masultani kuanzia 1911 hadi Mapinduzi ya Januari 1964. Kisha likawa ofisi za serikali na kuitwa kasri la wananchi, na mwaka 1994 likafunguliwa kuwa makumbusho.

Ndani kuna chumba cha Bibi Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866, na baadaye akaandika maisha yake akiwa Ujerumani. Akina mama wa chama walikaa humo muda mrefu kuliko chumba kingine chochote, na sikuwaharakisha. Juu kabisa kuna vyumba vya Sultani Khalifa bin Haroub, aliyetawala kuanzia 1911 hadi 1960. Tulitegemea dhahabu. Tulikuta vitanda, makabati na viti ambavyo baadhi yetu tuliviona kwa babu zetu.

Sasa niwaambie kilichonigusa. Mwanachama wetu mmoja, mama anayeshona sare za kikundi, alikipima chumba kwa hatua zake, kama anavyopima kitambaa. Akarudia chumba cha pili. Akaniita pembeni akasema, "Mwenyekiti, upana huu ni uleule wa ukumbi wetu." Mtembezaji akamsikia, akatuonyesha dari. Nyumba za mawe za pwani yetu hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake, haiongezeki kwa kuwa mwenye nyumba ana cheo. Ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, viwe vya tajiri au vya mchuuzi wa samaki. Yule mama alisimama akiitazama ile dari mpaka shingo ikamuuma. Tangu siku ile sijamsikia tena akiuita ukumbi wetu "kibanda".

Nje, mtembezaji alipitisha kiganja kwenye ukuta akatuambia nasi tufanye hivyo. Ulikuwa mkavu, mlaini, una ubaridi kidogo, na mkono ulitoka na unga mweupe. Ni chokaa. Mawe ya matumbawe hunywa unyevu kutoka ardhini na chumvi kutoka baharini, na chokaa huuachia unyevu ule utoke. Ukuta unapumua. Ukiupaka saruji unauziba pumzi: maji na chumvi hubaki ndani, hutafuta njia, na mwisho husukuma plasta nje vipande vipande. Tuliposikia hayo tulitazamana. Miaka mitatu iliyopita kamati yetu, mimi nikiwa ndani yake, ndiyo iliyoidhinisha ukumbi upigwe saruji mara mbili ili "uwe imara". Tulichanga fedha nyingi kuuumiza ukuta wetu wenyewe. Nalisema hili mbele yenu liingie kwenye muhtasari, ili kamati itakayokuja isirudie.

Jengo pekee, hata hivyo, si jambo lililotupeleka. Sisi ni watu wa taarab, na taarab kwa Unguja ilianzia kasri. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeupenda muziki wa Misri hata akamtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kupiga kanuni, ala ya nyuzi nyingi inayopakatwa. Wakati ule ulikuwa muziki wa Kiarabu, wa kuwaburudisha wakubwa. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaanzisha kikundi cha Ikhwani Safaa. Kisha akaja Siti binti Saad, mfinyanzi wa vyungu kutoka Fumba, mzaliwa wa ukoo wa watumwa, akauimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akarekodi sahani za santuri Bombay. Kwa hiyo, ndugu zangu, miaka mingi kabla ya milango ya Kasri kufunguliwa kwa umma, muziki wake ulishatoka, ukaenda Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, ukaingia arusini na vibarazani. Ukafika mpaka kwetu. Nilipokuwa nashuka ngazi zile nilijiona kama mtu anayerudisha kitu kilichoazimwa, kikiwa kimezidi uzuri.

Hatua chache kutoka hapo, katika jengo la Forodha ya zamani, ndipo kilipopata makao chuo cha muziki wa nchi za majahazi, yaani nchi za pwani ya Bahari ya Hindi, kilichoanzishwa mwaka 2002. Kupitia dirishani tulimwona binti wa miaka kama kumi na minne amepakata kanuni. Kwenye vidole viwili vya shahada alikuwa amevaa vipete vilivyobana vipigio vyake, na alikuwa akirudia kipande kimoja tu, sauti saba hivi, akikosea palepale kila mara. Mpiga fidla wetu, mtu asiye na maneno mengi, alishika chuma cha dirisha akawa anahesabu kwa midomo. Binti alipopatia, yeye ndiye aliyefumba macho. Hatukumsemesha yule mtoto. Ila njiani kurudi mpiga fidla huyo aliniambia yuko tayari kufundisha vijana wetu bila malipo, jambo nililomwomba kwa miaka minne bila kulipata.

Jioni tukaenda Ngome Kongwe. Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwaondoa Wareno, karibu na mwaka 1700, kwa kazi ya vita. Ikawa kambi ya askari, ikawa gereza, mwanzoni mwa karne iliyopita ikatumiwa kwa shughuli za reli ya Bububu, na baadaye ikawa klabu ya wanawake. Mwaka 1994 ikajengewa ukumbi wa wazi wenye ngazi za kukalia, na humo yamefanyika tamasha la filamu la nchi za majahazi tangu 1998 na Sauti za Busara tangu 2004. Siku tuliyofika hapakuwa na tamasha, nami nafurahi kwamba hapakuwa. Palikuwa na vijana wanafanya mazoezi ya ngoma, mchoraji anafunga duka lake, na mtoto wa mtu amelala kwenye ngazi ya mawe akiwa amefunikwa kanga. Ndicho kituo cha utamaduni kama ninavyokielewa mimi: mahali watu wanapofika hata siku ambayo hapana tangazo.

Mlango wa pili tu kutoka Ngome iko Beit al-Ajaib, na hapo sauti zetu zilipungua. Barghash aliijenga mwaka 1883 kuwa jumba la sherehe, nyumba ya maajabu kweli, iliyokuja kuwa na taa za umeme na lifti ambazo watu wa pwani walikuwa hawajaziona. Ikawa ofisi za Waingereza, baadaye makumbusho. Mwaka 2012 sehemu ya roshani ilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, sehemu kubwa ya jengo iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na mafundi wawili wakafa. Mji Mkongwe wote uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na bado hilo halikuizuia kuanguka. Mmoja wetu alisoma Fatiha kwa ajili ya wale mafundi, nasi tukaitikia.

Siku ya pili, waliobaki na nguvu walikwenda Mtoni na Maruhubi kuona magofu ya makasri ya zamani. Mimi sikwenda, magoti yalinikatalia. Picha zao ziko kwa katibu.

Kuna jambo moja halikwenda sawa. Tuliandika barua mapema kuomba tupige nyimbo mbili tatu uani pa Kasri, kwa heshima tu, bila kiingilio. Ofisi moja ilitutuma kwa nyingine, ile nyingine ikaturudisha kwa ya kwanza, na barua haikujibiwa mpaka tumekwisha kurudi nyumbani. Waliokuwa wamebeba vyombo mgongoni safari nzima waliumia, nami nawaomba radhi kwa kuwa ufuatiliaji ulikuwa kazi yangu. Tumeandika tena. Safari hii tumemwomba mwenyeji wetu wa Unguja aipeleke barua kwa mkono.

Sasa yanayotuhusu hapa nyumbani. Baada ya safari kamati ilikaa mara mbili, ikaamua mambo ambayo naomba mkutano huu uyapitishe. Saruji yote ya ukuta wa kusini ibanduliwe polepole, kwa patasi na nyundo ndogo, bila kulivunja jiwe. Ukuta uachwe wazi ukauke kwanza, hata kama ukumbi utaonekana mbaya kwa miezi kadhaa. Kisha upigwe chokaa. Kwa kazi hiyo tumempata mzee fundi aliyejifunza kwa baba yake kuchoma mawe tanurini na kuizima chokaa kwa maji, na amekubali kwa sharti moja, kwamba vijana wasiopungua wanne wakae naye mwanzo hadi mwisho na wajue kuifanya wenyewe. Mimi naliona sharti hilo kuwa na thamani kuliko kazi yenyewe.

Pia tunapendekeza ukumbi ufunguliwe kila siku alasiri, si siku za mazoezi tu. Funguo zitakaa kwa jirani yetu wa mkabala. Wanafunzi wanaotaka kusoma wasome, akina mama wanaosuka ukili wakae barazani, na madarasa ya fidla yataanza mara tu orodha ya katibu itakapofika majina sita. Mpaka jana yalikuwa manne.

Chokaa tayari iko shimoni nyuma ya ukumbi tangu tuliporudi kutoka Unguja, imefunikwa kwa maji na makuti, na fundi anasema inazidi kulainika kila wiki. Atalifunua shimo Jumamosi ijayo baada ya sala ya alfajiri. Tunahitaji ndoo, majembe mawili, glavu kwa kila mtu maana chokaa inaunguza, na mtu wa kupika chai.