Barua ya Wazi kwa Waziri wa Fedha: Gari la Kazi Lisitozwe Ushuru kama Gari la Anasa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha na Mipango ya Uchumi,
Jengo la Hazina,
Barabara ya Harambee,
Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

KUH: USHURU WA MAGARI YA KAWAIDA YA BARABARA MBOVU

Mimi ni daktari wa mifugo. Naishi Lang'ata, lakini sehemu kubwa ya kazi yangu iko Kajiado, kuanzia Isinya hadi maboma yaliyo mbele ya Mashuuru ambako lami haijafika. Kwa miaka 11 sasa nimeifanya kazi hiyo kwa gari moja tu: Suzuki Jimny ya milango miwili, yenye injini isiyofika lita 1.4, gia za mkono, rimu za chuma na viti vya kitambaa. Nimeona nikuandikie hadharani kwa sababu jambo ninalotaka kulieleza linawagusa pia maafisa wa afya wa nyanjani, mafundi wa pampu za visima, wapimaji wa ardhi na wakulima ambao gari la namna hii kwao ni chombo cha kazi kama lilivyo jembe.

Anayeishi kwenye lami huenda asijue gari hilo linafanya nini. Mvua ikinyesha Kajiado, udongo mweusi hunata kwenye magurudumu hadi yakawa kama maboga, na gari linalosukumwa na magurudumu mawili husimama palepale. Ndani ya gari langu huwa na sanduku la chanjo ambazo lazima zikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na mtungi wa naitrojeni kioevu unaohifadhi mbegu za fahali katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Gari likikwama kuanzia asubuhi hadi jioni, barafu huyeyuka na chanjo huharibika, na mfugaji aliyewafungia ng'ombe wake zizini tangu alfajiri akinisubiri huwafungulia waende malishoni bila kuchanjwa. Katika mvua za masika za mwaka 2024, zile zilizoleta maafa Mai Mahiu na kuzamisha mitaa mingi hapa Nairobi, kulikuwa na siku ambapo njia pekee ya kuyafikia maboma fulani ilikuwa gia ya nguvu, ile ambayo madereva huiita lo, na mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu.

Wenzangu huniuliza iwapo magari haya, yaani yale ya daraja la chini kabisa yasiyo na mapambo, bado yanastahili bei yake sasa ambapo bei imepanda kiasi hiki. Jibu langu halijabadilika, ila lina mpaka. Kwa mtu anayetoka Kasarani kwenda Westlands na kurudi, nitamwambia asinunue. Gari la fremu ya ngazi, yaani lililojengwa juu ya vyuma vilivyoungana kama ngazi, lenye ekseli nzima inayounganisha magurudumu mawili mbele na nyuma, huruka kwenye matuta, hupiga kelele katika mwendo wa kasi, na hunywa petroli kuliko gari dogo la mjini lenye nafasi kubwa zaidi ya abiria. Kwa anayeiacha lami kila siku, hakuna gari jingine linalompa mengi kiasi hicho kwa kila shilingi anayotoa. Nchi yetu ina zaidi ya kilomita 160,000 za barabara, na zilizowekwa lami ni sehemu ndogo tu ya hizo. Sisi tulio wengi tunafanya kazi kwenye hizo nyingine.

Thamani ya gari la namna hii hutokana na vitu ambavyo mnunuzi wa anasa havioni. Chukua Jimny ya kizazi cha nne, iliyoanza kuuzwa mwaka 2018 ikiwa na injini ya lita 1.5. Japani huuza ile inayoitwa JL na ile inayoitwa JC. Ya pili ina taa bora na rimu za aloi. Ya kwanza ina rimu za chuma. Lakini injini ni ileile, fremu ni ileile, na lo ni ileile. Anayenunua ya chini hapunguziwi hata hatua moja ya uwezo wa kupanda mlima au kuvuka korongo. Rimu ya chuma ikijikunja kwenye jiwe, fundi wa pale Isinya huinyoosha kwa nyundo nikaendelea na safari. Ya aloi ikipasuka, hutupwa. Vipuri vya gari langu huvipata Barabara ya Kirinyaga siku ileile ninapovihitaji, na sijawahi kuhitaji kompyuta ili kujua kinacholiumiza.

Kwa hiyo ubora haujapungua. Kilichobadilika ni bei, na katika bei hiyo kuna sehemu iliyo mikononi mwako. Mwaka huu nimetembelea yadi tatu kwenye Barabara ya Ngong kutafuta gari la kuchukua nafasi ya hili langu, na kiasi nilichotajiwa kilikaribia mara tatu ya nilicholipa wakati ule. Sitadai kwamba yote hayo ni kosa la Hazina. Shilingi ilishuka hadi karibu 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024 kabla ya kurejea kwenye takriban 130, na huko Japani kwenyewe wateja wa Jimny mpya wamekuwa wakisubiri zaidi ya mwaka mmoja, jambo linalofanya hata iliyotumika iuzwe ghali. Hayo huwezi kuyaamuru.

Ushuru wa forodha, hata hivyo, ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023, na namna kodi zinavyopandana moja juu ya nyingine hufanya ongezeko hilo kuwa kubwa kuliko linavyosikika. Tuseme gari limekadiriwa kuwa na thamani ya shilingi 1,000,000 bandarini. Ushuru wa forodha ni 350,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 20, ambao ndio wa injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,500, hutozwa juu ya jumla ya hizo mbili, nao ni 270,000. Kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 hutozwa juu ya vyote hivyo, yaani 259,200. Ukiongeza ada ya tamko la uingizaji ya asilimia 2.5 na tozo ya reli ya asilimia 2, mnunuzi amelipa 924,200 juu ya gari la milioni moja. Ile nyongeza ya asilimia 10 peke yake, baada ya kupita katika ngazi zote, ilimgharimu shilingi 139,200. Kwa mfanyakazi wa nyanjani hizo ni fedha za matairi ya miaka kadhaa.

Ndipo nafika kwenye kiini cha barua yangu, nacho ni ushuru wa bidhaa. Najua kwamba ushuru huu, unapotozwa magari, hukusudiwa anayenunua zaidi ya mahitaji yake achangie zaidi. Nakubaliana na nia hiyo kwa moyo wote. Tatizo ni kwamba kipimo kilichochaguliwa ni ukubwa wa injini, na ukubwa wa injini hauonyeshi tena anasa. Land Cruiser 76 ya kawaida, yenye injini ya dizeli ya 1HZ, ina sentimita za ujazo 4,164. Haina turbo, yaani kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini ili kuiongezea nguvu. Hutoa nguvu za farasi zipatazo 130, na injini hiyo ilifanywa kubwa ili izunguke polepole, ivumilie dizeli isiyo safi na idumu miongo kadhaa. Kwa kuwa imezidi sentimita za ujazo 2,500 za dizeli, ikiingizwa nchini hutozwa asilimia 35. Wakati huohuo, gari la kifahari lenye injini ya petroli ya lita 2 na turbo, linalotoa nguvu za farasi zaidi ya 240, likiwa na viti vya ngozi na paa la kioo, hutozwa asilimia 25. Kwa kila milioni moja ya thamani, la kwanza hulipa jumla ya shilingi 1,159,100 na la pili 1,002,500. Aliyebeba mabomba ya kisima amelipa kwa kiwango cha juu kuliko aliyekwenda kunywa chai Karen.

Naelewa kwamba sehemu ya shabaha ya ushuru wa forodha ni kulinda viwanda vya kuunganisha magari hapa nchini, na ningependa vistawi. Land Cruiser 79 huunganishwa Mombasa, na Isuzu D-Max huunganishwa hapahapa Nairobi. Lakini magari hayo yakiwa mapya hununuliwa zaidi na serikali, mashirika na kampuni. Daktari wa mifugo anayejitegemea hashindani nao kwenye foleni hiyo. Yeye hununua mtumba, na ushuru ukipanda hahamii kwenye gari jipya la nchini: huendelea na gari lake kuukuu hadi breki zimchoshe, au hununua gari lililo karibu mno na ardhi, lisilofaa, kisha huacha kufika kwa wafugaji walio mbali. Mwishowe mzigo humwangukia mfugaji. Bei ya dawa anaijua na haibishii. Tunachobishania zizini ni nauli yangu, na nauli hiyo ndani yake ina gharama ya gari na ile tozo ya kutunza barabara ya shilingi 25 kwa kila lita.

Ombi langu ni kwamba katika Mswada wa Fedha ujao ushuru wa bidhaa upimwe kwa nguvu ya injini na vifaa vilivyomo, badala ya ujazo pekee, na kuwe na daraja la magari ya kazi lenye kiwango cha chini. Sifa zake ziwe zile ambazo afisa wa forodha anaweza kuziona kwa macho akiwa bandarini Mombasa: fremu ya ngazi, gia ya lo, rimu za chuma, viti vya kitambaa au vya plastiki, na nguvu isiyozidi kiwango mtakachokiweka. Naomba pia orodha ya bei ambayo KRA, mamlaka ya mapato, huitumia kukadiria thamani ya magari yaliyotumika itenganishe waziwazi gari la daraja la chini na lile la juu la aina hiyohiyo, ili asiyenunua taa za kifahari asizilipie kodi.

Nimeshaambiwa kwamba matajiri wataingiza magari yaliyovuliwa mapambo na kuyavisha upya hapa. Wachache watafanya hivyo. Lakini huwezi kuitoa 1HZ na kuifanya ya farasi 240 kwa kubadilisha viti, ndiyo maana nasisitiza nguvu iwe kipimo cha kwanza. Jambo moja nisingependa liwe sehemu ya unafuu huu ni kuondolewa kwa mifuko ya hewa na mfumo wa kuzuia gari kuteleza. Jimny mpya ilipata nyota 3 tu kati ya 5 katika majaribio ya usalama ya Ulaya ya mwaka 2018, na sisi tunaoiendesha tunastahili kuongezewa ulinzi. Gari la daraja la kazi lisilo na vifaa hivyo lisipewe kiwango cha chini.

Nimeahirisha kununua gari hadi nitakapousoma mswada huo. Kwa sasa nimemwachia fundi giaboksi aifungue na kubadilisha beringi, maana mvua za vuli hazisubiri bajeti, na kuna ng'ombe wa kuchanjwa ng'ambo ya Mashuuru.

Wako mwaminifu,
Daktari wa mifugo,
Lang'ata, Nairobi.