Ndugu yangu, iache sigara sasa

Buruburu, Nairobi
18 Aprili 2021

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku tu wazima, ila mioyo haijatulia, kwa maana kila siku tunasikia habari za familia zinazozunguka jijini kutafuta kitanda cha mgonjwa mahututi wasikipate. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, kwa sababu tukiligusa jambo hili kwa simu huwa unageuza mazungumzo, nami ningependa unisikilize mpaka mwisho. Nakuomba uache sigara, na uiache sasa, usingoje gonjwa hili la korona lipite.

Mara ya mwisho uliniambia umesikia kwamba wavutaji hawashikwi sana na korona. Najua maneno hayo yalikotoka. Mwezi wa Aprili mwaka jana, watafiti wa hospitali moja ya Paris waliona kwamba miongoni mwa wagonjwa wao wa korona wavutaji walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa, wakakisia kwamba huenda nikotini ina kinga ya namna fulani. Habari hiyo ilienea kwa kasi, hata serikali ya Ufaransa ikaweka kikomo cha bidhaa za nikotini ambazo mtu angeweza kununua katika duka la dawa, ili watu wasizikimbilie kiholela. Lakini kukisia si kuthibitisha. Mgonjwa anayefikishwa hospitalini akihema kwa shida hana pumzi ya kueleza kama anavuta au havuti, na aliyeacha juzi tu kwa kuzidiwa na kikohozi anaweza kuandikwa kuwa si mvutaji, kwa hiyo hesabu ya aina hiyo hupotosha kwa urahisi. Tarehe 11 Mei 2020, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba, kwa mujibu wa tafiti ambazo wataalamu wake walizipitia, mvutaji akipatwa na korona yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuugua vibaya kuliko asiyevuta. Shirika hilohilo linasema tumbaku huua watu zaidi ya milioni 8 duniani kila mwaka. Kinga gani hiyo, ndugu yangu, inayozika watu wengi kiasi hicho?

Wala sababu yake si ngumu kuielewa. Ndani ya njia za hewa mna vinyweleo vidogo mno ambavyo kazi yake ni kusukuma nje makohozi na uchafu, na moshi wa sigara huvidhoofisha. Moshi huo pia una kaboni monoksidi, ambayo hukalia nafasi ya oksijeni katika damu. Sasa mtu aliyekwisha kupunguziwa pumzi namna hiyo akiingiliwa na ugonjwa unaoshambulia mapafu, atapambana nao kwa nguvu gani?

Tena kuna jambo dogo ambalo naliona kila nikipita dukani jioni, na kila mara nakukumbuka. Kibiriti cha gesi kimefungwa kwa uzi kwenye nondo za dirisha la duka. Anakuja mmoja, analipa sarafu, anapokea sigara yake moja, anashusha barakoa mpaka kidevuni, anashika kibiriti kilichoshikwa na kila aliyemtangulia, kisha vidole hivyohivyo vinaenda mdomoni. Wengine wanapokezana sigara hiyo moja watatu. Tumehimizwa kunawa mikono na kukaa mbalimbali kwa mwaka mzima, na sigara inayavunja yote mawili kwa dakika tano. (Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 hairuhusu sigara kuuzwa moja moja, lakini sote tunajua zinavyouzwa.)

Kitinda mimba wako ana pumu. Siku hizi watoto wako nyumbani kutwa, na nyumba zetu za Nairobi tunazijua zilivyo: ukivutia mlangoni, moshi uko kitandani. Sitaliongeza hilo neno, kwa sababu najua unavyompenda mtoto huyo.

Uliniambia pia kwamba kazi imepungua, mawazo ni mengi, na sigara ndiyo inayokutuliza. Sidharau shida zako hata kidogo. Hata hivyo, nikotini ikipungua mwilini huleta wasiwasi na hasira, na sigara inayofuata huyatuliza hayohayo yaliyoletwa na iliyotangulia. Kodi ya nyumba inabaki palepale, na sarafu zimekwisha kwenda dukani.

Mimi naamini majira haya, kwa ugumu wake wote, yamekupa nafasi. Baa zimefungwa, saa mbili usiku kafyu inakukuta ndani, na wale wenzako wa kuvuta nao hamwonani kama zamani. Chanjo iliyofika mwezi uliopita inawatangulia wahudumu wa afya, walimu, polisi na waliofikisha miaka 58, kwa hiyo zamu yetu bado. Kuacha sigara hakuna foleni. Saa 12 tu baada ya sigara ya mwisho, kaboni monoksidi katika damu hushuka hadi kiwango cha kawaida, na katika majuma machache mapafu huanza kufanya kazi vizuri zaidi.

Chagua siku, umwambie shemeji, utupe kila kilichobaki mfukoni. Siku tatu za kwanza ndizo kali kuliko zote, lakini kila hamu inapokuja hudumu dakika chache tu, hivyo kunywa maji, tafuna njugu au miwa, toka utembee kidogo, mradi usiielekee njia ya dukani. Maduka makubwa ya dawa mjini huwa na ubani wa nikotini wa kutafuna; muulize mfamasia namna ya kuutumia, nami nitachangia bei yake. NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ina nambari ya simu isiyolipishwa, 1192, ya kupata ushauri. Usihamie ugoro wala shisha ukidhani umeacha. Na ukijikuta umevuta moja, usikate tamaa ukarudia pakiti nzima, maana kuteleza si kuanguka. Endelea kuanzia hapo ulipo.

Nijibu kwa ujumbe mfupi unitajie siku uliyoichagua. Kuanzia siku hiyo nitakupigia kila jioni kafyu ikishaanza, saa ambayo najua hamu inakusumbua zaidi, tuzungumze lolote utakalo mpaka ipite.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako wa siku zote