Bibi harusi ang'ae, si shela peke yake

Ndugu Mhariri,

Picha nyingi za harusi na mahafali zinazotumwa magazetini na wasomaji zina kasoro moja: shela inameremeta, sura ni kiza. Lawama huiangukia simu, eti ni ya bei rahisi. Tunaomba nafasi tueleze kinachotokea, maana ugonjwa huu hutibika bila kununua kitu.

Kamera haijui shela ni nini. Hupima mwanga ulio mbele yake na kudhani kwamba kila kitu kwa wastani ni kijivu cha kati. Ikijaziwa weupe huona mwanga umezidi, hupunguza. Shela hushuka kuelekea kijivu na uso wa bibi harusi hushuka nao mpaka macho hayaonekani. Joho jeusi la mahafali hufanya kinyume: kamera huongeza mwanga, joho linapauka na kola nyeupe inaungua.

Kwa simu, gusa uso kwenye kioo, usiguse nguo. Shikilia kidole mpaka kipimo kijifunge, la sivyo kitabadilika kila mtu akisogea. Katika simu nyingi hutokea alama ya jua pembeni. Isogeze juu kidogo. Kwa kamera, tafuta kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, ndicho huongeza au kupunguza mwanga wa picha. Shela au kanzu nyeupe, anzia +0.7, joho, anzia -0.7. Kisha kuza picha uitazame shela yenyewe: nakshi za lesi zikigeuka weupe mtupu, umezidisha, rudi nyuma. (Ngozi nyeusi kuachwa nje ya hesabu si jambo geni. Maabara za picha za rangi zilisawazisha mashine zake kwa miaka mingi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mzungu.)

Hata hivyo, juani hakuna kipimo kitakachotosha, kwa kuwa tofauti kati ya shela na uso huwa kubwa mno. Huku kwetu saa 6 mchana jua liko utosini, na macho hugeuka mashimo. Hapo wengi hukimbilia chini ya mwembe, nasi tunaona ndipo pabaya kuliko pote: majani hupenyeza madoa ya jua kwenye paji la uso, na kidevu hupata ukijani. Turubai la bluu nalo huwafanya waalikwa wote waonekane kama wameopolewa majini. Kivuli kizuri ni cha ukuta au baraza. Msimamishe mtu hatua moja ndani ya ukingo wa kivuli, uso ukielekea nje kwenye anga wazi. Macho yakiwa bado mazito, mtu ashike shuka nyeupe usawa wa kiuno, nje ya picha; mwanga utarudi kidevuni na machoni. Shuka ya rangi haifai, itampaka rangi yake.

Mwanga mtamu huanza saa 11 jioni, lakini haungoji mtu. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na dakika kumi hivi na saa 1 kasoro dakika kumi, kutegemea mwezi, na dakika ishirini baadaye ni giza. Picha za familia zianze kabla ya soda, si baada yake.

Ukumbini mambo ni mengine. Umeme wetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, hivyo taa nyingi za LED hufifia na kung'aa mara 100, mara moja kwa kila mwendo. Ukipiga kwa kasi ya 1/250 (yaani kamera ipokee mwanga kwa sehemu moja ya 250 ya sekunde), picha hutoka na mistari ya giza inayokatiza. Weka 1/100, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) kati ya 1600 na 3200, na tundu la lenzi lifunguliwe kadiri linavyoweza. Kwa wanaocheza hiyo 1/100 haitoshi, mikono itafutika. Hapo tumia flashi. Ielekeze darini kama dari ni jeupe. Dari likiwa limefunikwa vitambaa vya zambarau, mwanga utarudi wa zambarau, basi funga kipande cha manila nyeupe nyuma ya flashi kwa mpira, mwanga ugonge hapo na kuelekea mbele. Wakati wa keki, mwombe mwenye taa awashe nyeupe kwa dakika tano. Uso uliozama kwenye taa ya bluu hakuna programu itakayourudishia rangi yake.

Jambo dogo lakini huharibu asubuhi nzima: kamera ikitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye joto la pwani, lenzi hushika ukungu. Kuifuta ni bure, utarudi papo hapo. Ifungie ndani ya begi kabla ya kutoka, uiache humo nusu saa ipate joto polepole. Ya simu ni rahisi zaidi: futa mafuta ya vidole kwenye lenzi kwa kitambaa cha pamba.

Mwisho ni ombi kwako, Mhariri. WhatsApp huibana picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, ikakufikieni imepungua ukubwa na kuchapwa ikiwa na ukungu. Chini ya ukurasa wa picha za wasomaji ongezeni mstari mmoja tu: picha itumwe kama hati.

Wapiga picha wa sherehe,
Dar es Salaam