Anaeumwa MS hategei kazi

Mhariri, assalaam aleikum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na mabosi wetu, wa serikali na wa binafsi, Unguja na Pemba, kuhusu sie tunaoumwa MS, maana watu wanapoteza kazi wakati akili na mikono yao bado inafanya kazi vizuri tu.

MS, maltipo sklerosisi kwa urefu, ni maradhi ya mishipa ya fahamu. Kinga ya mwili badala ya kupigana na vijidudu inageuka inashambulia ule utando unaofunika mishipa ya ubongo na uti wa mgongo, sasa inakuwa kama waya wa umeme ulobanduka plastiki, moto unafika nusu au haufiki kabisa. Hayaambukizi. Hayahusiani na mashetani wala hasadi ya jirani, nalisema hili kwa sababu wapo wenzetu wanaozungushwa kwa waganga mpaka pesa inakwisha hawajaonwa na daktari. Wanawake yanawapata zaidi, mara 2 hadi 3 kuliko wanaume, na mara nyingi yanaanza baina ya miaka 20 na 40, yaani pale pale mtu anapojenga, anapolea na anapopanda cheo. Duniani tuko zaidi ya milioni 2.8 lakini nchi za karibu na ikweta kama yetu ni wachache, ndo maana ukimtajia mtu anakutolea macho tu.

Shida yake kazini ni kuwa hayaonekani. Wengi wetu tunaanza na ile aina inayokuja na kuondoka, leo jicho lina ukungu na miguu imekufa ganzi, baada ya wiki kadhaa mtu huyo kasimama anatembea, sasa aliemuona juzi yuko sawa na leo kakaa chini anasema huyu anategea. Na uchovu wake jamani, ule si wa kukosa usingizi, unalala usiku kucha unaamka mwili mzito hata kunyanyua kikombe cha chai unajiuliza. Mie ni karani wa mahesabu. Ofisi nilokuwepo mwanzo hesabu zangu zilikaa sawa kila mwisho wa mwezi, lakini mkuu wangu nikileta karatasi ya ED, ile ruhusa ya daktari ya kupumzika, anaisoma kwa sauti mbele ya wenzangu, "leo tena unaumwa nini?", na mwisho mkataba haukuongezwa wala sababu sikuandikiwa.

Halafu kuna joto, na hapa ndipo sisi wa visiwani tunapoumia zaidi. Mwili wa mwenye MS ukipanda joto hata nusu digrii mambo yanaharibika, jicho linaingia kiza, miguu inalegea, maneno yanagoma. Daktari wa macho wa Kijerumani, Uhthoff, aliliandika hili tangu 1890, wagonjwa wake wakijichosha wakipata joto wanapungukiwa nuru, wakipoa inarudi. Joto halizidishi maradhi yenyewe, lakini bosi anaona mfanyakazi wa saa mbili asubuhi ni mzima na yule yule saa saba hawezi kusaini karatasi. Walokuwepo Unguja ulipokatika umeme Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kaskazi yote ile, wanakumbuka kukaa ofisini bila feni kulivokuwa, basi sie tunakuwa hivyo hivyo hata feni ikizunguka.

Nilipo sasa walinitoa ghorofa ya pili, na ngazi za majumba ya Mji Mkongwe mnazijua zilivosimama, nikawekwa chini, meza iko karibu na AC na karibu na choo, maana MS inakamata kibofu pia na hili watu wanaona haya kulisema. Naingia saa moja kabla jua halijapanda, natoka saa nane, kazi ilobaki naimaliza nyumbani jioni kwenye laptopu. Kitambaa nnakirowesha maji ya barafu naweka shingoni, mwanzo watu waliuliza, siku hizi kijana wa ofisi mwenyewe ananiwekea chupa kwenye friji. Meza ilikuwepo, AC ilikuwepo, hakuna kilichonunuliwa.

Na wale wanaosema saa za kazi hazibadiliki, mbona Ramadhani tunazibadilisha na kazi zinakwenda?

Sheria ipo. Zanzibar tulitunga sheria yetu ya watu wenye ulemavu 2006, ikaja mpya 2022, na Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao 2009, kifungu cha 27 kinakataza kumbagua mtu katika kuajiriwa na katika kubaki kazini, na kinataka mazingira yarekebishwe kwa kiasi kinachowezekana. Dawa ya kuponya MS hakuna, zipo za kupunguza mashambulizi, Shirika la Afya Duniani liliingiza baadhi yake kwenye orodha ya dawa muhimu 2023, lakini bei zake ni kubwa na mtu asie na mshahara atazinunua na nini?

Ninachoomba Kamisheni ya Kazi iandike mwongozo mfupi, ukurasa mmoja unatosha, uende kwa wakuu wa ofisi na hasa skuli, kwa sababu mwalimu anasimama kutwa kwenye darasa la bati. Na wewe mwenzangu unaeficha, usiandike barua ya kuacha kazi wakati shambulio limekushika, ngoja mwili upate nafuu kwanza. Ukenda kwa mkuu wako nenda na barua ya daktari ilioeleza unachoweza kufanya na saa gani unakiweza, isiwe imetaja jina la maradhi tu, maana jina peke yake linamtisha.

Karani wa mahesabu,
Unguja