Kabla hujatoboa mashua

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Nimefurahi kusikia kwamba mashua imeshapakwa rangi na inangoja maji tu.

Uliniuliza ununue kitafuta-samaki kipi. Nakuomba, kabla hujaenda kutazama vioo vyake vya kuonyeshea picha, iwaze kwanza transdyusa, kile kipande kidogo kinachokaa majini. Ndiyo inayopiga sauti na kusikiliza mwangwi. Kioo kinachora tu ilichosikia. Ikifungwa penye mapovu, kioo cha bei kubwa kitakuonyesha ukungu mtupu.

Masafa ya sauti, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, uyachague kwa kina cha maji. Kilohezi 200 huchora vizuri kwenye maji mafupi na ya kadiri, kilohezi 50 hufika mbali chini lakini mchoro hufifia. Wewe unavua karibu na miamba, kwa hiyo 200 inakutosha. Ukipata chenye CHIRP, kinachotuma msururu wa masafa badala ya moja, kichukue hata kama itabidi upunguze ukubwa wa kioo, kwa sababu kinamtenganisha samaki na mwamba aliojilaza karibu nao. Kioo cha inchi 5 kwa mashua ndogo hakina ubaya, mradi kisomeke juani na kiwe na alama ya IPX7, yaani kinastahimili kuzama mita 1 kwa dakika 30.

Ujue pia kwamba sauti hiyo hutanuka kama faneli kadiri inavyoshuka. Yenye pembe ya nyuzi 20, kwenye kina cha mita 10, inaona duara la kama mita 3.5 tu. Na kilicho chini yako sasa hivi ni ule ukingo wa kulia wa kioo. Mengine yote yameshapita. Mashua ikisimama, samaki mmoja aliyetulia atachora mstari mrefu, nawe utadhani ni kundi. Zile picha za samaki ambazo kifaa huziweka chenyewe kiooni zizime kabisa. Mashine inakisia, hata jani linaloelea huweza kuliita samaki. Jizoeze kusoma pinde, ile mistari iliyopinda ambayo mwangwi wa samaki huchora.

Sasa kuifunga transdyusa. Wenye mashua ya faibaglasi isiyo na povu katikati huweza kuigandisha kwa ndani, sauti ikapita. Yako ni ya mbao, hiyo njia haikufai. Ifunge nje, kwenye ubao wa tezi, yaani ule wa nyuma ya mashua. Kama propela inazunguka kuelekea kulia ukiitazama kwa nyuma, weka upande wa kulia, ambako mapanga yanashuka, na uache kama nusu mita kutoka kwenye propela. Isikae nyuma ya ubavu wowote uliojitokeza wala tundu la maji, kwani huko ndiko mapovu yanakozaliwa. Uso wake uwe sawa na maji, ukishuka milimita chache tu chini ya kitako cha mashua. Ukizidisha, itarusha maji na kukuvuta nyuma.

Usitoboe siku ya kwanza! Ibane kwa jiliwa, zunguka nayo kwa mwendo tofauti, na uitazame. Picha ikikatika unapoongeza mwendo, ishushe kidogo au isogeze. Ukiridhika, pigilia kwanza kipande cha plastiki nene kwenye tezi, kisha skrubu za transdyusa ziingie humo. Hata ukibadilisha kifaa baadaye, ubao wa mashua hautaguswa tena. Kila tundu lijazwe gundi ya kuzuia maji inayofaa kukaa chini ya maji. Hapo usibane matumizi, maana ubao ukinywa maji huoza kwa ndani bila wewe kuona.

Umeme utoke kwenye betri yake ya volti 12, si ile ya kuwashia injini, na fyuzi ikae karibu na ncha chanya. Waya wa transdyusa upitie mbali na nyaya za injini, la sivyo utaona michirizi kila ukiongeza moto. Ukizidi urefu usiukate, ukunje na uufunge.

Mwisho utie bildi, ile kamba yenye risasi ya kupimia kina, mahali penye maji yaliyotulia, ulinganishe kipimo chake na kinachosomwa kwenye kioo. Kumbuka kioo kinahesabu kuanzia kwenye transdyusa, si usoni pa maji.

Nitumie vipimo vya tezi yako na picha ya injini ilivyokaa, nikuchoree mahali pa kufunga.

Wako akupendaye,
Rafiki yako