Mama asiningojee

Melbourne, Jumapili usiku

Dada Saumu, shikamoo.

Ama baada ya salamu, mimi sijambo, kazini naenda, baridi ya Julai imekaza lakini koti ninalo. Wasalimie wote hapo Ngamiani, Tanga. Mengine nitayasema mbele, kwanza hili la Mama.

Miaka miwili mmeniambia mgongo. Nikipiga simu ya video namwona Mama amekalia ubavu mmoja, dakika tano hazijaisha anainuka, anashika mwimo wa mlango, nawe unasema, "Mgongo tu, Tatu, ni umri." Nimetuma mafuta ya kuchua mara tatu. Kumbe kizazi kimeshuka, na nimekuja kulisikia hilo kwa mtoto wa jirani, kwa ujumbe wa sauti, nimesimama kwenye tramu katikati ya watu. Dada, mimi kazi yangu ya kutwa ni maradhi hayo hayo! Nilistahili kuwa wa kwanza kuambiwa. Limeniuma na sitalificha.

Najua Mama anaona haya. Ametuzaa wanane, sita kwa mkunga wa nyumbani, na kwa rika lake mambo hayo hayasemwi hata kwa binti. Mwambie hana la kuonea haya. Chini ya nyonga pana misuli na kano zilizotandwa kama kamba za kitanda, ndizo zinazobeba kibofu, kizazi na utumbo wa nyuma. Kila uzazi unazivuta. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni inapungua, nazo zinazidi kulegea. Ongeza kikohozi kisichopona, choo kigumu, na mizigo. Kwenye mizigo ndipo nilipo na neno na Kaka Sefu.

Mwaka juzi nilituma laki nane za kuvuta bomba mpaka uani na kununua tangi. Nilivyozipata si habari ya leo. Zikaenda kwenye pikipiki. Mama akaendelea kujitwisha dumu la lita 20, asubuhi na jioni, na mwanawe anampita njiani amepakia abiria. Kila anapoliinua dumu lile tumbo linasukuma chini, na kitanda kile cha kamba kinabonyea zaidi. Sisemi Sefu ndiye aliyemtia maradhi, uzazi wa mara nane ungeweza kutosha peke yake. Nasema aliona maji yanabebwa kichwani na hela za bomba alikuwa nazo yeye. Mpaka leo sijasikia neno la samahani.

Sasa nasikia daktari alimpa Mama njia mbili, pete ya kushikilia kizazi au upasuaji, naye akazikataa zote. Anasema anangoja "kitambaa cha Tatu". Niliposikia nilikaa kitandani na viatu mguuni mpaka usiku wa manane. Ni mimi niliyemwambia. Idd ile nilipopiga simu, nyumba imejaa, nikasema kwa sauti kwamba huku tunafuma nyama mpya ya kushikiza kizazi, na kila mtu akashangilia. Sikujua nani aliyekuwa akisikiliza kwa ajili ya mwili wake.

Basi mweleze vizuri, kwa sababu sikumdanganya. Kitambaa kipo na nakifuma kwa mikono yangu. Tangu mwezi wa tano nimekabidhiwa mashine niiendeshe peke yangu, na katika maabara nzima Mwafrika ni mimi tu. Tunachukua plastiki inayoyeyuka mwilini polepole, jamii moja na nyuzi za kushonea vidonda zisizohitaji kutolewa. Tunaiyeyusha kwa dawa mpaka iwe nzito kama uji, tunaitia kwenye bomba la sindano, kisha ncha ya sindano inapitishiwa umeme wa maelfu ya volti. Tone linatuna pale nchani, linachongoka, halafu unachomoka uzi ambao jicho haliupati, unajizungusha hewani na kutua kwenye pipa linalozunguka. Mwanzoni huoni kitu. Baadaye pipa linaingia ukungu mweupe, na mwisho unabandua kitambaa chepesi kama ule utando wa ndani ya ganda la yai. Kila siku pipa likianza kuzunguka namwona Marehemu Baba mbele ya korona, ile mashine ya kusaga mkonge, singa za mkonge zinatoka zimelowa, naye anatuonyesha namna ya kuzishika zisikate mkono.

Juu ya kitambaa hicho hupandwa seli. Hapa hapa Melbourne yuko Profesa Caroline Gargett. Mwaka 2004 yeye na wenzake walionyesha kwamba utando wa ndani wa kizazi una seli shina zake wenyewe, yaani seli zinazozaa seli mpya. Utando ule hubomoka na kujengwa upya kila mwezi, mara 400 hivi katika maisha ya mwanamke, kwa hiyo mbegu yake lazima iwemo. Seli hizo zinaweza kuchukuliwa kliniki kwa kipimo kidogo, hata kwa aliyekoma hedhi akipewa kwanza estrojeni kwa muda mfupi. Zinalelewa kwenye joto la nyuzi 37 mpaka ziongezeke, kisha zinawekwa kwenye wavu, yaani kitambaa kama hicho. Kazi ya seli hizo ni kuutuliza mwili usiushambulie wavu, kuita mishipa midogo ya damu, na kuuchochea mwili ufume kolajeni yake, zile nyuzi za protini zinazoipa nyama nguvu. Wavu ukayeyuke, kolajeni ibaki. Kundi la Profesa Gargett limewahi kuzishikiza seli kwenye wavu kwa ute wa mshubiri. Shubiri, Dada! Ile ile Bibi aliyompaka Mama ili niache ziwa.

Lakini hayo yamefanyika kwa panya, na mengine kwa kondoo jike, kwa kuwa nyonga yake inakaribiana na yetu na yeye pia hushuka kizazi. Seli zenyewe hazidumu sana baada ya kupandikizwa, na swali la kitambaa kitastahimili uzito wa mwanamke anayekohoa, anayeinama, anayecheka, kwa miaka mingi, bado tunalifanyia kazi. Leo hii hakuna hospitali ya kumwekea Mama kitambaa hiki kama tiba, si Dar, si India, si hapa nilipo. Ingekuwapo ningeuza kila nilicho nacho.

Na huyo mtu wa Sefu anayeahidi "wavu wa kisasa" akitangulizwa hela, mwambieni hapana. Wavu uliokuwa ukiwekwa kwa kupitia ukeni kwa maradhi haya ulikuwa wa polipropilini. Australia iliuondoa Januari 2018, Uingereza ikausimamisha Julai mwaka huo huo, na Aprili 2019 Marekani ikawaamuru watengenezaji waache kuuza. Wako wanawake ambao wavu uliwatokeza kwenye ukuta wa uke, wakawa na maumivu ya kukaa, ya kutembea, ya kulala na waume zao, na kuutoa ni kazi ngumu kwa sababu nyama imeshaota katikati yake. Polipropilini ndiyo plastiki ya viroba vya mchele, Dada, na ya zile kamba zilizoua soko la mkonge mpaka Baba akarudishwa nyumbani na cherehani moja. Kwa nyumba yetu imetosha. Hiki ninachofuma mimi kilianza kwa kilio cha wanawake hao, ndiyo maana sikubali kiharakishwe.

Kwa hiyo Jumanne mpeleke hospitali ya Bombo, mwombe daktari wa akina mama. Kama bado pete inamfaa, ni kiduara cha silikoni kinachoingizwa kushikilia kizazi juu. Hutolewa, kikaoshwa, kikarudishwa, naye anapika, anaswali, anakwenda maulidini bila kukaa mlangoni. Ni lazima ipimwe imtoshe, isimkwaruze. Kama ni upasuaji, muulize daktari ule wa kutumia nyama na kano zake mwenyewe. Unaweza kulegea tena baada ya miaka, nawe umwambie hivyo asije akasema alifichwa. Na lile zoezi la kubana chini kama mtu anayezuia mkojo: abane ahesabu mpaka tano, aachie, mara kumi, asubuhi, mchana na usiku, kwa miezi. Halitakirudisha kizazi kilichokwisha kutoka nje, ila linaipa misuli nguvu. Ale mboga na machungwa ya Muheza choo kiwe laini. Dumu asiliguse tena.

Nimekutumia laki sita na nusu kwenye simu yako wewe. Laki mbili za kliniki na nauli, zilizobaki za fundi bomba, umlipe maji yakishatoka uani, uniwekee picha ya maji yanatoka. Sefu asizishike. Akitaka kusema nami namba yangu anayo, ni ndugu yangu na simu yake nitapokea.

Jana nilikuta muhogo sokoni, nikaukausha dirishani nikitaka bada, ugali wetu wa muhogo. Haukukauka, ulioza. Nilikaa jikoni nikaiwaza harufu ya ufukwe wa Raskazone maji yakitoka, na Mama anakuja na kapu la dagaa, anatembea upesi kama alivyokuwa.

Barua hii msomee mwenyewe, chumbani, mlango umefungwa, Sefu akiwa ametoka. Mwambie kitambaa changu nitaendelea kukifuma, lakini yeye asiningojee. Akikataa tena usibishane naye, nipigie hapo hapo nimwombe kwa mdomo wangu. Jumanne saa nane mchana kwenu huku itakuwa saa tatu usiku. Nimeomba ruhusa ya kutoka mapema, nitakuwa chumbani na simu mkononi.

Mdogo wako,
Tatu