Mjukuu wangu anafumba macho mpira ukija

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nakaa Ujiji, na kilichonifanya nishike kalamu ni mjukuu wangu wa darasa la pili. Mpira ukimjia anafumba macho, anageuza uso na kukumbatia kifua chake mwenyewe. Nilipomuuliza mwalimu wake, alinijibu kwa upole kabisa: "Bibi, huyu hana kipaji."

Ana miaka minane, Mhariri!

Alhamisi moja nikaenda kujionea. Filimbi ikapigwa, watoto wakazunguka uwanja mara mbili, kisha wavulana wakapewa mpira mmoja na wasichana mmoja. Wanaojua wakacheza. Mjukuu wangu na wenzake zaidi ya ishirini wakakaa chini ya mwembe wakichora mchangani hadi kengele. Ingekuwa hesabu, nani angekubali wanaojua kujumlisha tu ndio wapewe madaftari?

Kudaka kunafundishwa. Kurusha, kuruka, kutua, hata kukimbia. Mwaka 1974 Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, kila mtoto wa darasa letu akawa Bayi, vumbi linatimka. Mwalimu wetu akatusimamisha. Mikono yenu, akasema, inakatiza kifuani kama ya mtu anayefukuza nzi. Iende mbele na nyuma, viwiko vimekunjwa. Nalikumbuka hilo hadi leo, na magoti yangu haya mabovu.

Basi nikafungua darasa uani. Nilishona mpira wa soksi, mkubwa na laini, maana anayefumba macho anaogopa kuumia, basi. Siku za kwanza tuliuviringisha chini tu, autazame mpaka umfikie mikononi. Kisha nikawa naurusha taratibu kutoka hatua mbili, naye anyooshe mikono kuupokea na kuuvuta kifuani. Kwenye kurusha nikakuta kosa nililoliona miaka yote ya ualimu: mkono wa kulia unarusha, na mguu wa kulia nao ndio umetangulia. Nikamfunga kitambaa mguu wa kushoto: "Wenye kitambaa ndio unaotangulia." Mpira ukavuka ua, ukatua kwenye dagaa wa jirani walioanikwa. Nililazimika kwenda kuomba radhi, lakini moyoni nilikuwa nacheka. Kuruka tunaanzia juu ya tofali, magoti yakunjwe wakati wa kutua, nisisikie kishindo.

Hii ni wiki ya sita. Mpira mdogo bado unamponyoka, ila macho yako wazi.

Siipingi UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi; nimepeleka watoto huko na naijua raha yake. Lakini timu ile huokotwa kwa watoto waliokwisha kufundishwa na mtaa: wenye kaka wa kucheza nao, waliokulia kwenye rede na kombolela. Yule anayebaki nyumbani kubeba mdogo wake mgongoni, au kugeuza dagaa juani, hufika shuleni hajawahi kurushiwa kitu na mtu. Huyo shule ndiyo mtaa wake. Tukimwacha chini ya mwembe, nani atamfundisha?

Najua jibu: hakuna vifaa, na watoto ni wengi. Watoto sitini wakiwa wawili wawili wanahitaji mipira thelathini ya soksi, na kila nyumba ina soksi iliyopoteza mwenzake. Majivu yanachora mstari wa kutembelea bila kuyumba. Maofisa elimu wanaokuja kukagua madaftari nawaomba siku moja wakae uwanjani, wahesabu ni watoto wangapi wamegusa mpira hadi kipindi kinaisha.

Alhamisi iliyopita mjukuu wangu alirudi na soksi moja mguuni. Nyingine, akaniambia, ni mpira, wanao wenzake wa chini ya mwembe.

Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma